Kufundisha Mtandao wa Nyumbani kwa Bahasha na Mlango

Kila mwaka wanachuo wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha huja na kilio kile kile juu ya somo la TEHAMA: kwamba shule waliyopangiwa haikuwa na kompyuta, au ilikuwa nayo moja iliyofungiwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na kwa sababu hiyo somo halikufundishika. Kilio hicho hatukidharau. Yapo mambo ya kompyuta yasiyofundishika pasipo mashine. Hakuna mtoto aliyepata kujua kupiga chapa kwa kusimuliwa. Lakini yapo mengine ambayo mashine yenyewe huyaficha. Miongoni mwa hayo ni jinsi kompyuta na simu kadhaa za nyumba moja zinavyotumia kwa pamoja intaneti moja na printa moja. Mtu aweza kuikodolea macho ruta, yaani kile kisanduku chenye taa ndogo kinachogawa intaneti nyumbani, tangu asubuhi hadi jioni, asione hata kimoja kati ya vitu vinavyopita ndani yake. Akiiigiza kazi ya ruta kwa bahasha na kalamu, ataviona vyote.

Katika makala haya tunakusudia kueleza somo tulilolijaribu mara kadhaa katika Darasa la Tano na la Sita. Kisha tutasema machache juu ya mwalimu mwenyewe kuunda mtandao wa namna hiyo nyumbani kwake au katika ofisi ya walimu, kwa maana mwalimu asiyepata kulifanya jambo kwa mikono yake hulifundisha kwa woga, na watoto huunusa woga huo upesi.

NENO MOJA, VITU VIWILI

Tuanze na kisa. Katika shule moja tuliyokwenda kukagua, mwalimu kijana alikuwa na mitihani ya muhula ya madarasa matatu ndani ya kompyuta yake. Printa ya shule ilikuwa mezani, rimu za karatasi zilikuwapo, wino ulikuwapo, na umeme ulikuwa unawaka. Saa tatu usiku kifurushi cha intaneti kikaisha. Mwalimu akasema, "Mtandao umekatika," akafunga kompyuta akaenda kulala. Alfajiri alipanda bodaboda hadi mjini, akachapishiwa mitihani katika duka la steshenari kwa fedha yake mwenyewe. Mtihani uliopangwa kuanza saa mbili na nusu ukaanza saa nne, nazo karatasi zilikuwa zimekwisha kupita mbele ya macho ya watu waliokuwa wakisubiri zamu zao dukani. Printa ya shule ilikuwa tayari usiku kucha. Haikuhitaji intaneti hata kidogo. Ilihitaji ruta tu, na ruta ilikuwa inawaka.

Kosa la mwalimu yule halikutokana na uvivu. Kwa maoni yetu lilitokana na lugha. Neno letu "mtandao" tumelibebesha mizigo mingi. Kampuni ya simu ni mtandao. Intaneti ya dunia nzima ni mtandao. Waya na mawimbi yanayounganisha kompyuta tatu na printa moja katika chumba kimoja nayo ni mtandao. Mtu asemapo kwamba mtandao umekatika, msikilizaji hawezi kujua ni upi kati ya hiyo, na mara nyingi msemaji mwenyewe hajui. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba tangu dakika ya kwanza mwalimu aandike ubaoni maneno mawili, "mtandao wa ndani" na "intaneti", ayaache hapo hadi kengele igonge, na kila mtoto atakayesema "mtandao" peke yake aulizwe kwa upole, "Upi?"

Inafaa mwalimu ajue pia kwamba mtandao wa ndani si mtoto wa intaneti ya majumbani. Ulitangulia. Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, Robert Metcalfe alitoa pendekezo la mtandao ulioitwa Ethernet, akaujenga pamoja na David Boggs. Haja yao mojawapo ilikuwa hii hii ya kwetu: kompyuta nyingi ndogo ndani ya jengo moja, na printa ya leza ambayo haikuwezekana kumpa kila mtu ya kwake. Wakati huo hapakuwa na nyumba hata moja yenye intaneti. Kwetu sisi, kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia setilaiti, kwa gharama kubwa. Kwa hiyo kushiriki printa ni kazi iliyoanza zamani na iliyosimama kwa miguu yake yenyewe.

ANDALIO LA SOMO

Shabaha iwe moja tu: mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kueleza ni kwa nini printa yaweza kuchapa wakati intaneti imekatika. Tumeona maandalio mengi yenye shabaha kama "mwanafunzi aujue mtandao". Shabaha ya namna hiyo haipimiki, na aliyeiandika hatajua kama amefika au amepotea.

Zana ni bahasha kuukuu ishirini au karatasi zilizokunjwa, kadi za namba, chaki, na daftari moja. Lakini zana iliyo kubwa kuliko zote ni mlango wa darasa. Kama darasa halina mlango, kama yalivyo baadhi ya madarasa yetu, mwalimu achore mstari wa chaki kizingitini na kusimamisha hapo watoto wawili walioshikana mikono.

Watoto wanne wasimame katika pembe nne za chumba. Hao ndio kompyuta, nao wapewe namba 10, 11, 12 na 13. Mmoja akae mezani na karatasi na kalamu. Huyo ni printa, namba yake ni 50, na kazi yake ni kunakili kila kinachomfikia. Mmoja mwenye miguu myepesi asimame katikati akiwa na namba 1. Huyo ni ruta. Mwingine atoke nje, akae chini ya mti, awe maktaba iliyo mbali. Darasa lenye watoto sabini halina haja ya kuogopwa: waliobaki wagawanyike nyuma ya zile kompyuta nne, nao ndio wataandika barua. Sheria ni moja. Hakuna anayeruhusiwa kusogea wala kumsemesha mwenziwe. Kila neno liandikwe, litiwe katika bahasha yenye namba ya mpelekewa na namba ya mpelekaji, kisha lipite mkononi mwa ruta.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza mwalimu aachie barua za ndani tu. Namba 11 anaandika, "Chapa: jaribio la Hisabati," kwenda 50. Ruta anaipokea, anaitazama namba, anaifikisha. Printa ananakili. Hapo watoto huona ni jambo jepesi, na ndivyo tunavyotaka. Kisha mwalimu aziamuru kompyuta zote nne zipeleke barua kwa printa kwa wakati mmoja. Printa atazidiwa, darasa litacheka. Mwalimu aulize afanyeje. Hatujapata kuwa na darasa lisilojibu, "Apange foleni, kama bombani." Naam, ndivyo ilivyo, kazi hupangwa foleni, na kazi ya kurasa sitini ikitangulia, wenye ukurasa mmoja mmoja watangoja. Mwalimu aongeze jambo ambalo litamfaa yeye mwenyewe kuliko watoto: kazi iliyokwama mbele ya foleni huzuia zote zilizo nyuma yake, na dawa si kubonyeza "chapa" mara kumi zaidi, bali kufungua orodha ya foleni na kuiondoa ile iliyokwama.

Sasa barua za nje. Hapa ndipo penye fundo la somo, na hapa wanachuo wengi huharakisha. Watoto wetu wanafahamu Sanduku la Posta. Shule ina S.L.P. moja, na barua za walimu wote, na pengine za nusu ya kijiji, hufikia humo. Posta haijui Mwalimu wa Darasa la Pili anakaa chumba gani. Anayejua ni karani wa shule. Basi ruta ndiye karani. Namba 10 anapoandika kwenda maktaba, ruta anaifuta namba 10 kwenye bahasha, anaandika "S.L.P. 77", kisha anaongeza Kumb. Na. 1, na katika daftari lake anaandika: Kumb. Na. 1 ni ya namba 10. Barua ya namba 12 itapata Kumb. Na. 2. Maktaba inajibu kwa S.L.P. 77, Kumb. Na. 2, ruta anafungua daftari, anaona ni ya namba 12, anampelekea. Kwa njia hii nyumba nzima hutumia anwani moja mbele ya dunia, bila majibu kuchanganyika. Mtoto anayeandika daftari hilo kwa dakika kumi hatasahau maisha yake yote kazi ya ruta ni nini.

Barua zikiwa zinaendelea kwenda na kurudi, mwalimu afunge mlango. Asiseme kitu.

Barua ya namba 10 kwenda maktaba itarudi mikononi mwake. Ruta atasimama ameduwaa. Baadhi ya watoto watasema mchezo umekwisha. Ndipo mwalimu amwombe namba 13, kwa sauti ya kawaida, apeleke barua kwa printa. Barua itapita. Printa atanakili. Hapa twamsihi mwalimu anyamaze. Najua zipo sekunde chache ambazo kinywa cha mwalimu huwasha, lakini akieleza sasa atakuwa amewanyang'anya watoto matunda yao. Katika darasa moja la tano, baada ya kimya kirefu, msichana wa dawati la nyuma alisema, "Kumbe barua ya printa haitoki nje!" Sentensi hiyo ndiyo somo lote, na ilisemwa na mwenye kuihitaji.

Kama muda upo, ipo sehemu ya tatu ambayo watoto huipenda zaidi. Mwalimu apige makofi na kutangaza kwamba umeme umekatika. Wote warudishe kadi za namba kwa ruta. Apige makofi tena: umeme umerudi. Wote wamkimbilie ruta, naye agawe namba kwa kadiri wanavyofika, kuanzia 10. Printa, aliyechelewa kuinuka mezani, huenda akapata 14. Kisha namba 11 aandike barua kwenda 50 kama alivyozoea. Barua haina pa kwenda, ingawa printa yupo pale pale, mzima, na kalamu mkononi. Tumeona ofisi nyingi za walimu zikiita fundi kwa ugonjwa huu: umeme ulikatika usiku, asubuhi printa "haionekani". Printa haikuharibika, huenda ilipewa namba nyingine, na kompyuta bado zinaitafuta mahali pa zamani. Ukiwauliza watoto dawa yake, watasema printa ipewe namba yake ya kudumu, isigawiwe mwingine. Ndivyo mafundi wafanyavyo. Katika mipangilio ya ruta ipo sehemu ya kuihifadhia printa anwani yake.

Mfano wowote una mahali unapokoma, na ni wajibu wa mwalimu kuwaonyesha watoto mahali hapo kabla hawajapaona wenyewe na kudhani wamedanganywa. Bahasha ikiondoka, mwandishi habaki na kitu; kompyuta hupeleka nakala, asili ikabaki. Bahasha moja hubeba barua nzima. Kompyuta hukata barua ndefu vipande vingi, na upande wa pili hupangwa upya. Zaidi ya hayo, bahasha hupita mkononi mwa ruta peke yake, hali mawimbi ya Wi-Fi huenea hadi kwa jirani, na mwenye chombo cha kuyapokea huyapokea. Jambo hili la tatu tutalirudia.

NYUMBANI KWA MWALIMU

Mwalimu anayetaka kufanya jambo hili kwa mashine halisi asianze na printa. Aanze na mahali pa kuweka ruta. Pafaapo ni katikati ya nyumba, juu ya rafu, mbali na kabati la chuma na jokofu. Mabati huyarudisha mawimbi. Chumba kilichozungushiwa mabati kitakuwa kiziwi hata kama ruta iko hatua kumi. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi na kufika mbali. Yale ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini huchoka mapema. Printa nyingi za bei nafuu huyajua ya 2.4 peke yake, nasi tumepata kupoteza alasiri nzima tukiilaumu printa ambayo haikuwa na kosa ila kuitwa kwa sauti isiyoisikia. Mahali ambapo waya unaweza kuvutwa, uvutwe. Waya wa Ethernet wa shaba hufaa hadi mita 100, wala hausumbuliwi na ukuta.

Printa nayo huunganishwa kwa namna mbalimbali. Iliyo rahisi ni kuichomeka kwa waya wa USB kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ikaruhusiwa kuwagawia wengine. Upungufu wake ni dhahiri: kompyuta hiyo ikizimwa, au mwenye nayo akienda nayo kwao wakati wa likizo, printa inakuwa yatima. Iliyo bora ni printa yenye uwezo wa kujiunga na mtandao wa ndani yenyewe, kwa waya au kwa Wi-Fi, isimtegemee mtu. Baada ya kujiunga, printa nyingi huweza kuchapa ukurasa wenye maelezo yake ya mtandao, pamoja na anwani yake, mathalani 192.168.1.50. Anwani zinazoanza na 192.168 ni miongoni mwa zile zilizotengwa kwa matumizi ya ndani tu. Ndiyo maana nyumba yako na ya jirani zaweza kuwa na namba zile zile bila kugongana, kama vile kila darasa lilivyo na dawati lake la kwanza. Mwalimu aihifadhi anwani hiyo katika ruta, aiandike juu ya kipande cha karatasi, akibandike ubavuni mwa printa. Kazi ya dakika tano, nayo itamwokoa mwenziwe atakayekuja baada yake.

Kila kompyuta huhitaji programu ya kuiendesha printa. Programu hiyo ipakuliwe mapema, siku kifurushi kipo, katika kompyuta za walimu wote. Kisha jaribio la mwisho lifanywe kwa makusudi: intaneti ikatwe, kwa kuitoa laini ya simu ndani ya ruta au kuuchomoa waya uletao intaneti kutoka nje, na ukurasa mmoja uchapwe kutoka kila kompyuta. Zipo printa ambazo kampuni zake zimezifanya zitegemee intaneti, ama wakati wa kuziandaa mara ya kwanza ama kila zinapochapa kutoka simu. Ni afadhali kuligundua hilo siku ya Jumamosi kuliko usiku wa kuamkia mtihani. Na pasipo na ruta, simu nyingi zaweza kugawa mawimbi yake zenyewe, kompyuta na printa zikakutana humo, hata kama simu haina kifurushi.

Tulisema tutarudia habari ya mawimbi kufika kwa jirani. Katika nyumba ya mwalimu wamo watoto wa jirani, wageni, na mara nyingine wanafunzi wake mwenyewe wenye simu za kaka zao. Neno la siri la Wi-Fi lililoandikwa ukutani si siri. Mgeni akiingia katika mtandao wa ndani hali kifurushi tu. Anaweza kuiona printa, na folda yoyote iliyoachwa wazi kwa wote, na humo ndani huenda umo mtihani wa keshokutwa au ripoti za maendeleo za watoto wa watu. Ruta yenye uwezo huo iundiwe mtandao wa wageni, utoao intaneti bila kuonyesha vilivyomo ndani. Ulinzi uchaguliwe uitwao WPA2, wa mwaka 2004, au WPA3, wa mwaka 2018. Ule wa zamani uitwao WEP ulikwisha kuvunjwa, nao usitumike. Tena yapo maneno ya siri mawili: lile la kujiunga, na lile la kuifungua mipangilio ya ruta yenyewe. La pili husahauliwa, likaachwa kama lilivyotoka kiwandani, na aliyejiunga akilijua aweza kuipangua kazi yote.

KAZI KWA WANACHUO

Kabla ya kwenda mazoezini, wanachuo wajadiliane katika vikundi juu ya hali tatu. Kompyuta mbili zinasoma intaneti vizuri, lakini hakuna inayoiona printa tangu umeme ulipokatika jana. Katika nyumba nyingine printa inachapa, lakini hakuna simu inayopata intaneti. Na katika ofisi ya walimu, mwalimu mmoja tu ndiye anayeweza kuchapa, na kila anapotoka wengine wanakwama. Kwa kila hali kikundi kiseme ni mtandao upi wenye kasoro, ni mtoto gani katika mchezo wa bahasha angeionyesha kasoro hiyo, na ni swali gani la kwanza ambalo mwalimu angeliuliza darasa badala ya kutoa jibu.